Mchi wa Shaba

Kila kazi ya mikono ina zana zake, na kila zana ina watu wawili: aliyeitengeneza na anayeitumia. Huyu wa pili husifiwa au hulaumiwa. Yule wa kwanza aghalabu husahauliwa. Mpishi hupewa shukrani kwa chakula kizuri, lakini aliyefua sufuria hatajwi mezani. Mkulima huhesabiwa magunia yake, wala hapana amwulizaye mhunzi habari za jembe. Mimi ni mkerezaji wa vyuma. Nimekula kwa kazi hii miaka mingi, na usahaulifu huo ulinipendeza kwa sababu ulinipa raha. Chombo kikitoka mikononi mwangu kimenyooka na kipimo chake ni sawa, nilihesabu kuwa deni langu limekwisha. Siku hizi nalihesabu deni hilo kwa namna nyingine, na katika insha hii nataka kueleza jambo lililonifikisha hapo.

Nakaa Mwankoko, kata mojawapo ya Manispaa ya Singida. Msomaji asiyepata kufika kwetu na afikiri nchi kavu yenye mawe makubwa ya matale yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, upepo usiochoka, mashamba ya uwele, mtama na alizeti, na huko mjini maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Alizeti ndiyo inayonilisha. Mji na vijiji vyetu vina mashine nyingi ndogo za kukamua mafuta, na kila mashine ina mhimili wenye hesi unaosukuma mbegu na kuzibana. Mhimili huo huliwa na mbegu na mchanga. Ukilika huletwa kwangu. Hujazwa chuma kwa kuchomelewa, kisha nauzungusha katika kerezo na kuupunguza mpaka urudi katika kipimo chake. Pamoja na hiyo naletewa ekseli za mikokoteni ya ng'ombe na vipande vya pampu za visima. Hivyo ni vyombo vya amani. Hapana mama aliyepata kukosa usingizi kwa ajili ya mhimili wa mashine ya alizeti.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma fizikia katika chuo kikuu. Likizo moja alinijia karakanani na karatasi iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa.

"Shikamoo, mjomba. Nina kazi ndogo ya shaba."

"Marahaba. Shaba ya nini?"

"Ya fashifashi," akasema, na macho yake yakang'aa kama ya mtoto aliyeahidiwa safari.

Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo hili. Fataki, katika kamusi za zamani, lilikuwa jina la kifuniko kidogo cha kuwashia bunduki, na hata leo neno hilo lina mlio kuliko nuru. Fashifashi ni ule moto wa kupendeza unaopanda angani, ukapasuka na kumwagika kwa rangi. Mpwa wangu hakutaka mlio, alitaka nuru. Alikuwa amesoma habari za watu wa nchi nyingine ambao hutengeneza fashifashi kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyofuga njiwa au kupiga gambusi, na ambao hujikerezea wenyewe zana za kazi hiyo. Zana hizo ndizo zilizokuwa katika karatasi yake.

Nilizitazama na mara nilizielewa, maana chuma ni lugha moja popote. Fashifashi ya kuruka ni bomba la karatasi ngumu lililoshindiliwa baruti. Chini yake hukazwa udongo wenye tundu. Moto ukitoka kwa nguvu katika tundu hilo, bomba husukumwa upande wa pili. Katikati ya baruti huachwa uwazi mrefu na mwembamba, ili moto upate uso mpana wa kula. Uwazi huo hupatikana kwa kusimamisha mwiba wa shaba ndani ya bomba, kushindilia kuuzunguka, na mwisho kuuchomoa. Kwa hiyo fundi huhitaji mwiba mmoja na michi kadha. Mchi wa kwanza una tundu refu la kuumeza mwiba wote. Wa pili una tundu fupi zaidi. Wa mwisho hauna tundu, nao hukamilisha juu ya ncha. Kila mchi huchongwa alama ya mstari, ili mshindiliaji ajue mahali pa kukoma kabla mchi haujagonga mwiba.

Kwa nini shaba? Wazee walioona bunduki za gumegume wangejibu bila kusoma fizikia. Bunduki ile yote ilitegemea jambo moja, kwamba pua ikigonga jiwe la gumegume hutoa cheche, na cheche huwasha baruti. Basi mtu anayeshindilia baruti kwa mchi wa chuma, penye chembe moja ya mchanga, amejitengenezea bunduki iliyoelekezwa kwake mwenyewe. Shaba haitoi cheche ya namna hiyo. Katika viwanda vya baruti vya zamani huko Ulaya vyombo vilikuwa vya mti na vya shaba, na wafanya kazi hawakuruhusiwa kuvaa viatu vyenye misumari. Wengine siku hizi hutumia alumini kwa wepesi na urahisi wake, walakini nayo ina hila yake: ikigongana na chuma chenye kutu yaweza kutoa cheche kali. Hata hivyo shaba ni kinga dhidi ya adui mmoja tu. Haizuii joto la msuguano, wala umeme mdogo unaojikusanya katika nguo siku ya upepo mkavu, na Singida tuna siku nyingi za upepo mkavu.

Napenda kukereza shaba, na sioni haya kusema hivyo. Chuma laini hutoa utepe mrefu uliojiviringa, mkali, wenye moshi, nao huhitaji kumwagiwa maji ya mafuta. Shaba ya manjano hukatwa kavu, na vipande vyake huruka vidogo vidogo kama uwele unaopepetwa. Patasi ya kuikata hunolewa ikiwa bapa juu, kwa maana ikiwa na mteremko mkali hujidukiza ndani ya shaba na kuivuta kazi yote. Kutoboa tundu refu ndani ya mchi ni kazi ya subira: keekee huingia kidogo, ikatolewa na kufutwa, ikaingia tena, la sivyo vipande hujaza njia yake na tundu huenda upande. Mwiba nao una sharti lake. Lazima uwe mwembamba juu na mnene chini, walau kwa kadiri ndogo sana, na uso wake uwe laini kama kioo. Vinginevyo hauchomoki ila kwa kuzungushwa na kupigwa, na baruti haipendi kusuguliwa wala kupigwa. Ulaini wa kazi nyingine ni urembo. Ulaini wa mwiba huu ni uhai wa mtu.

Nilipokuwa nikifikiri hayo, nilikuwa nimekwisha kuchukua kipande cha shaba kutoka katika vali kuukuu na kukifunga katika kerezo. Mkono wa fundi hutangulia shauri lake.

Dada yangu alikuja kesho yake asubuhi. Hakuketi.

"Kaka, nasikia unamtengenezea mwanangu chombo cha baruti."

Nilimwambia ni kipande cha shaba tu, kisicho na baruti ndani wala nje.

"Mwanangu ana mikono miwili," akasema, "na leo yote miwili iko katika mikono yako." Kisha akanikumbusha jirani yetu mmoja, aliyepoteza vidole vitatu utotoni kwa kuchezea vichwa vya viberiti katika kibomba cha chuma. Sote tulimfahamu. Sote tumezoea kumpa mkono wa kushoto tukimwamkia, ili asitoe ule mwingine. Neno baruti katika nchi yetu huamsha pia kumbukumbu za Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na watu kufa. Fashifashi si kombora, lakini mama haulizi jina la moto.

Jioni nilikwenda kwa mzee mmoja wa Mwankoko ambaye ujanani mwake alifua majembe kwa mivukuto ya ngozi. Nilimweleza habari yote, nami nikamwonyesha kile kipande, kimekwisha kukerezwa nusu. Alikigeuza kwenye mwanga wa moto kwa muda mrefu.

"Kazi ni nzuri," akasema. "Je, ulimwuliza atashindilia nini, wapi na mbele ya nani? Au ulimwuliza kipimo tu?"

Nilimjibu kwamba kazi ya fundi ni kipimo, na matumizi ni ya mwenyewe.

"Katika zamani zetu," akasema, "mhunzi alimjua kila mtu aliyemfulia. Mtu akija na hasira kutaka mkuki, alipewa pombe na kiti, na mkuki ulikawia. Ninyi mna mashine zinazokwenda upesi, na hamna mahali pa kukawia."

Neno hilo lilinikaa. Nilianza kuyafikiri upya niliyosoma juu ya wafua chuma wa nchi yetu. Huko Buhaya watu waliyeyusha chuma cha namna ya pua katika tanuru za udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 uliwastaajabisha wengi waliodhani kuwa ujuzi wa namna hiyo ulikuwa wa Ulaya peke yake. Huko Ufipa tanuru ndefu zilisimama kupita kimo cha mtu, na mabaki yake yangalipo. Sisi hujivunia joto la tanuru zile na kusahau miiko yake. Karibu kila mahali katika Afrika ya Mashariki wayeyusha chuma walifungwa na miiko: nani aikaribie tanuru, ajitenge na nini kabla ya kazi, akae wapi usiku wa moto. Wasomi wameieleza miiko hiyo kwa njia nyingi. Mimi, nikiwa fundi, naona humo maana moja ya karibu: kwamba watu wale walijua kuwa moto mkubwa haukabidhiwi mtu mmoja mwenye shauku, hukabidhiwa jamaa nzima inayomtazama.

Mpwa wangu alinipa mfano wa Malta, naye hakujua kwamba mfano ule ulinisaidia mimi kuliko ulivyomsaidia yeye. Katika visiwa hivyo vidogo vya bahari ya Mediterania, vijiji hushindana kwa fashifashi katika sikukuu za watakatifu wao. Wanaotengeneza ni watu wa kazi nyingine, wanaojitolea jioni zao. Mafundi wa vyuma huunda magurudumu makubwa yaliyopangwa moja ndani ya jingine, yenye meno na mihimili, nayo huzungushwa na nguvu ya moto wenyewe na kuchora maua ya nuru gizani. Ni ufundi wa hali ya juu, na kila kijiji kinamjua kila fundi. Hata hivyo Septemba 2010 mlipuko katika kiwanda kimoja cha kisiwa cha Gozo uliua watu sita. Na huko Tultepec, mji wa Meksiko ulioishi kwa kazi ya fashifashi vizazi vingi, soko la fataki lililipuka tarehe 20 Desemba 2016 na watu zaidi ya arobaini wakafa. Watu hao hawakuwa wajinga wa kazi yao. Ikiwa wenye ujuzi wa vizazi, wenye leseni na majirani wa kuwatazama hupatwa na hayo, kijana mmoja katika chumba cha kupanga ana kinga gani?

Naye alinijibu vizuri, kama impasavyo mwanafunzi. Alisema kwamba hofu peke yake haikumlinda mtu yeyote, na kwamba moto huu una kazi hata kwetu. Ni kweli. Katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania vilivyo jirani na hifadhi za wanyama, wakulima hufukuza tembo kwa tochi, kwa honi, kwa fataki zinazorusha unga wa pilipili, na mwisho kwa fashifashi inayotupa moto angani; kwa njia hiyo shamba huokoka, na tembo hachomwi mkuki. "Mjomba," akasema, "watu wale hununua kilichotengenezwa mbali. Je, si kazi yetu kujua kinavyotengenezwa?"

Sikuweza kumwambia kwamba si kazi yetu. Ningemwambia hivyo ningekuwa nimewaunga mkono wale wanaotaka Mwafrika awe mnunuzi wa kila kitu na mfanyaji wa chochote asiwe. Lakini nilitambua sasa kwamba mambo mawili yalikuwa yamechanganywa katika karatasi yake: ujuzi wa chombo, na ruhusa ya kukitia moto. La kwanza naweza kumpa mimi. La pili si langu. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 huweka utengenezaji, uhifadhi na usafirishaji wa vitu vya kulipuka chini ya leseni na ukaguzi. Hapo zamani nilidhani sheria za namna hii ni karatasi za maofisa. Tangu jioni ile kwa mzee, naiona kuwa ni miiko iliyobadili lugha: ni nani, wapi, na mbele ya nani.

Nilimwita mpwa wangu na mama yake, nikasema maneno matatu. Nitakereza zana zote, naye atasimama karibu nami na kujifunza kila hatua. Zikiisha, tutazijaribu kwa udongo mtupu na si kwa kitu kingine. Kisha zitawekwa katika kisanduku, na ufunguo utakaa kwa dada yangu mpaka kijana awe na leseni mkononi au awe chini ya mtu mwenye leseni. Dada yangu alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza kisanduku kitakuwa cha mti au cha bati. Nilijua kwamba amekubali.

Kazi ilituchukua siku nne. Kijana alijifunza kwamba mchoro ni ahadi, na kwamba chuma huivunja ahadi hiyo kwa njia nyingi. Tundu la mchi wa kwanza lilikwenda upande kwa unene wa unywele, tukautupa, tukaanza mwingine. Mwiba aliupiga msasa mwenyewe, ule mkali kwanza, kisha ule laini, kisha kitambaa na mafuta, mpaka akaona uso wake ndani yake. Siku ya nne tulichukua udongo wa mfinyanzi, tukaukausha na kuupepeta, tukaushindilia katika bomba la karatasi kidogo kidogo, mchi baada ya mchi, tukitazama alama za mistari. Mara ya kwanza mwiba ulikwama. Tuliona kwamba palikuwa na mkwaruzo mmoja, mdogo hata jicho halikuuona. Ukucha ndio uliouhisi. Aliusugua tena. Mara ya pili mwiba ulichomoka kwa vidole viwili, ukaacha uwazi mnyofu na safi katikati ya udongo.

Alinyamaza, akaushika mwiba ule. "Kama ingalikuwa baruti ile mara ya kwanza," akasema, lakini hakumaliza. Mimi sikumsaidia kumaliza. Udongo ulikuwa umemfundisha kwa upole jambo ambalo baruti hulifundisha mara moja tu.

Shaba iliyobaki, pamoja na vipande vya alumini, tuliitumia kwa kazi nyingine aliyoichagua mwenyewe. Alikuwa angali anayawaza magurudumu ya Malta. Tuliunda magurudumu mawili yenye meno, moja likilizungusha jingine kinyume, tukayapa mapanga ya bati na bushi za shaba, tukayasimamisha juu ya mti katika shamba la uwele la dada yangu. Moto wa kuyazungusha hatukuwa nao, lakini upepo Singida tunao wa bure. Yakizunguka hupiga makopo, na ndege waharibifu huruka. Hawaendi mbali sana, na baada ya siku chache walianza kuyazoea, ikatulazimu kuyahamisha kutoka pembe hii ya shamba hadi ile.

Kijana amerudi chuoni. Ameandika kuuliza masharti ya leseni, na ameniambia kwamba anatafuta mhandisi wa migodi atakayekubali kumfundisha, kwa kuwa hao huishi na baruti kila siku kwa halali. Shauku yake haikupungua, nami sikutaka ipungue. Kisanduku kiko chini ya kitanda cha dada yangu. Ni cha mti, maana ndivyo alivyotaka.

Nami narudi kila asubuhi kwa mihimili ya mashine za alizeti. Mtu akiniletea mchoro nisioujua, siulizi tena kipimo tu. Namvutia kigoda, namwuliza chombo hiki kitafanya nini, wapi, na mbele ya nani. Baadhi hukasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Wengi huketi na kueleza, na mara nyingi, katika kueleza kwao, hugundua wenyewe kwamba kipimo walichokileta si sawa, tukakirekebisha pamoja kabla kerezo halijazunguka.